Rafiki yako Muamishi anachora, sawa, ila sura ya mama usimwombe

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Lancaster, Pennsylvania, nalifupisha. Ni mtu wa Fizi, Kongo, kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Marekani ana miaka mitatu, kazi yake kiwanda cha kuku. Pale Central Market kazoeana na mama mmoja Muamishi, wale Wakristo wa asili ya Kijerumani wanaoishi bila gari wala umeme wa gridi, anayeuza achari na vikadi anavyochora mwenyewe kwa rangi za maji, wameongea karibu mwaka mzima, na sasa yule mama kamwandikia barua kumkaribisha nyumbani Alhamisi. Anauliza avae nini, abebe nini, kama anaweza kupiga picha mbili tatu za kumbukumbu, na mwisho kabisa kaandika: nataka nimwombe anichoree sura ya marehemu mama, ninayo picha yake moja tu iko kwenye simu, je itakuwa sawa?

Dada yangu, kwanza pole ya mama. Umeliweka hilo mwishoni kama jambo dogo lakini mi naona ndo swali lenyewe, haya mengine ya nguo na zawadi yanasindikiza tu. Ntalifikia. Nivumilie kidogo maana nikikujibu kwa neno moja kwamba usimwombe utaniona mkali, na utabaki hujui kwanini.

Mi ni fundi fremu. Huu mwaka wa kumi na tano nakata mbao na vioo kaunti hiihii unayoishi, na kazi nyingi zinazopita mikononi mwangu zinatoka kwa Waamishi, wanaleta wao au analeta aliyenunua kwao. Siku ambazo karakana imepoa naendesha watu, maana Waamishi gari hawamiliki lakini kupanda la mtu mwingine wanapanda, kwahiyo wanakodi dereva, na ukimpeleka mama wa watu kwa daktari wa meno mkakaa barabarani saa zima kwenda saa zima kurudi utasikia mambo ambayo sokoni huwezi kuyasikia. Halafu mi ni mtu wa Mara. Babu yangu alibatizwa na wamisionari wa Kimenoniti waliofika Shirati mwaka 1934, na wale wamisionari walitokea wapi, hapahapa Lancaster. Wamenoniti na Waamishi ni ukoo mmoja uliogawanyika 1693 huko Uswisi na Alsace, Jakob Ammann na wenzake walipotaka kanisa libane zaidi, hasa suala la kumtenga aliyeasi. Kwahiyo nilivyofika hapa nikajiona mtoto wa nyumbani, hawa nawajua. Wala sikuwajua.

Ngoja nikupe kosa langu ndo utaelewa vizuri. Mwaka wangu wa pili hapa kuna mama mmoja aliniletea michoro minne, banda la ng'ombe, kinu cha upepo, nguo kwenye kamba, na farasi wamesimama kwenye theluji. Kazi safi mno. Mi kwa kufurahi nikaitia fremu nzuri kuliko aliyolipia, nikaiweka dirishani mbele ya duka, nikaandika kikaratasi kikubwa jina lake lote na chini yake "msanii wa Kiamishi". Nilidhani namsaidia. Watalii wakaanza kusimama, wengine wakaanza kuuliza anaishi wapi. Wiki ya pili akaja na mumewe. Hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndo ilinichoma, alisema tu kwa sauti ya chini kwamba angependa kikaratasi kitoke, na michoro miwili airudishe nyumbani. Akanishukuru kwa fremu. Hakuleta kazi nyingine mwaka mzima na zaidi, na mi nilikuja kujua kwa mtu mwingine kabisa kwamba shemasi alipita kwao kuongea nao.

Kosa lilikuwa kumtoa mtu kwenye mstari. Michoro kama michoro haikuwa na shida yoyote, hata kuiuza ilikuwa sawa. Shida ni kumsimamisha yeye peke yake juu ya kiti ili watu wamwone. Kwao kuna neno la Kijerumani Hochmut, majivuno, na kinyume chake Demut, unyenyekevu, na maisha yao yote ukiyatazama, nguo za rangi moja bila maua, kigari cha farasi ambacho cha tajiri na cha maskini vinafanana, kaburi lenye jiwe dogo kama la jirani, vyote vinafanya kazi hiyo moja ya kumfanya mtu asijitokeze. Sasa msanii kazi yake ni nini kama sio kujitokeza? Kwahiyo rafiki yako anaishi na huo mvutano kila anaposhika brashi, na mgeni akiingia bila kujua anaweza kumvutia upande mbaya akidhani anampenda.

Sheria zao zinaitwa Ordnung. Sehemu nyingi hazijaandikwa kwenye kitabu, watu wanazijua tu, na kila kanisa lina zake. Kanisa kwao ni familia ishirini, thelathini, mpaka arobaini hivi za jirani, wanasali majumbani kwa zamu kila baada ya wiki mbili, jengo la kanisa hawana. Kuna askofu, wahubiri wawili, shemasi, hakuna aliyesomea wala anayelipwa, wanapatikana kwa kura, kikaratasi kinafichwa ndani ya kitabu kimoja cha nyimbo kati ya vingi na kila aliyependekezwa anachukua chake. Ukikiokota ndo basi, maisha. Na mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya majani kuanguka, kabla ya meza ya Bwana wanakaa kikao, utaratibu unasomwa upya kwa mdomo na kila mtu aseme kama ana amani na wenzake. Hapo ndo mambo yanapotoka. Posti yako ya Instagram ya mwezi wa sita rafiki yako anaweza kuijibia mwezi wa kumi, na we huku ulishasahau.

Na kwasababu kila kanisa lina utaratibu wake, usije ukamwambia "lakini mbona fulani wa kule Ohio anafanya". Waamishi wote wamepita 400,000 sikuhizi na tofauti kati yao ni kubwa mno, hata vigari tu, vya hapa Lancaster ni vya kijivu, ukienda Holmes County Ohio vyeusi, na kuna bonde hapahapa Pennsylvania utakuta vya njano na vyeupe.

Sasa kwenye kuchora. Watu wengi wanadhani Waamishi hawana sanaa na huyo rafiki yako ni kama muujiza. Si kweli. Palikuwa na Barbara Ebersol, alizaliwa 1846 akafariki 1922, alikuwa mfupi sana kwa maumbile, fundi cherehani, na anakumbukwa kwa kurasa alizochora za kubandika ndani ya Biblia na vitabu vya nyimbo, jina la mwenye kitabu kwa herufi za urembo na maua pembeni. Palikuwa na Henry Lapp, seremala, alikuwa kiziwi, alifariki 1904 hajafika hata miaka 45, yeye alichora kwa rangi za maji kila kabati na kila meza aliyoweza kutengeneza ili mteja achague kwa kidole, na kile kitabu chake cha kuonyeshea wateja leo kiko jumba la makumbusho la sanaa Philadelphia. Umeona hapo? Wote wawili walichora, ila mchoro ulikuwa na kazi ya kufanya. Ukurasa unaonyesha kitabu ni cha nani, picha ya kabati inauza kabati.

Hata zile kwilti, yale mablanketi ya viraka, ni hivyohivyo. Mwaka 1971 jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney kule New York lilitundika kwilti ukutani kama michoro, za Waamishi wa Pennsylvania zikiwemo, na wajuzi wa sanaa wakashangaa kwamba wanawake wa shambani walikuwa wanacheza na rangi namna ile kabla ya wachoraji wa mjini. Wenyewe walikuwa wanafunika watoto. Baada ya hapo wafanyabiashara walipita nyumba kwa nyumba kuzinunua, bei ikapanda mpaka watu wakawa wanaogopa kuzilalia. Na kwa taarifa yako tu, kwilti nyingi zinazouzwa madukani huku kwa jina la Waamishi sehemu ya ushonaji wake imefanywa na wamama wa Kihmong, wakimbizi kutoka Laos waliofika kaunti hii miaka mingi kabla yenu. Kwahiyo mkimbizi kuwa ndani ya hadithi ya sanaa ya Lancaster sio jambo jipya, usijione umepotea njia.

Rafiki yako basi akichora kadi, kalenda, au akichora juu ya msumeno wa zamani au ndoo ya maziwa, hapo yuko kwenye kivuli cha desturi. Mandhari, mabanda, ndege, maua, farasi, kwa makanisa mengi ya hapa hayana shida. Mtu akichorwa anachorwa kwa mbali au mgongo, au uso unaachwa mtupu kabisa, kama wanasesere wao wa kitambaa ambao hawana macho wala mdomo. Ile amri ya Kutoka 20 ya kutojifanyia sanamu wanaibeba hivyo, na juu yake wanaweka lile suala la majivuno, sura yako ukiitundika ukutani unajitukuza. Watu wa pwani hawatashangaa sana, wamekua wakisikia misikitini habari ya kuchora viumbe, ingawa mpaka wenyewe haufanani, huku farasi anapita na uso wa mtu ndo haupiti. Na chini ya mchoro mara nyingi utakuta herufi mbili tu za jina, au hakuna.

Haya, Alhamisi yenyewe.

Saa kwanza. Kama kaandika 10, ni saa nne asubuhi kwa kuhesabu kwetu, hilo najua unalijua, ila kuna familia ambazo majira ya joto hazisogezi saa mbele kama Marekani nyingine, kwahiyo muulize sokoni Jumanne kama anamaanisha saa ya haraka au saa ya polepole, wanaziita hivyohivyo, hataona ajabu. Ukichelewa kwa staili yetu utakuta wameshakula, kwao chakula cha mchana saa tano na nusu, saa sita imechelewa.

Ukienda na gari endesha taratibu, kwenye kilima usiovateki kigari kama huoni mbele, na honi usipige, farasi akishtuka unaweza kumuua mtu. Ukifika usizibe njia ya kugeuzia vigari wala nguzo ya kufungia farasi. Mlango wa mbele achana nao, zunguka wa jikoni, na usipopata mtu angalia bustanini au bandani, mtu hakai ndani kukusubiri wakati nyanya zinahitaji kamba.

Salamu ni mkono, mara moja, unaachia. Hamna kukumbatiana, hamna busu la shavu tatu la kwenu, na usishangae utakapoitwa jina lako tupu na kitoto cha miaka saba. Hili lilinisumbua mimi miaka, mtu wa Mara aliyefundishwa shikamoo kwa fimbo, halafu katoto kananiita jina kama tumesoma wote! Kwao hamna mheshimiwa wala bibi wala daktari, wote majina ya kwanza, hata askofu, na sababu ni ileile ya kutomwinua mtu. Ndo heshima yenyewe hiyo, ingawa masikio yetu yanasikia kinyume.

Watoto watakukodolea macho. Wengine hawajawahi kukaa meza moja na mtu mweusi, na wale ambao hawajaanza shule hawajui Kiingereza bado, nyumbani ni Kijerumani chao cha Pennsylvania, kwahiyo usidhani wanakununia. Kiingereza kwako ni lugha ya shule na kwa rafiki yako ni ya shule pia, mko sawa. Na kuna kichekesho, mtu yeyote asiye Muamishi wanamwita Mwingereza, basi we mtu wa Fizi na mi mtu wa Shirati kwa pamoja ni Waingereza.

Mezani kabla ya kula watanyamaza. Najua huko kwetu kuombea chakula ni mtu anainua sauti, anaombea na wasio nacho, anamaliza tunaitikia amina, sasa pale ni kimya kabisa, vichwa chini, mara ya kwanza mi nilidhani kuna msiba nimeingilia. Ukimsikia baba kavuta pumzi au kasogeza kiti ujue imeisha. Na mkimaliza kula mnarudia tena kimya kilekile, usiinuke kukimbilia vyombo. Baada ya hapo inuka sasa, kaushe vyombo nao, hapo ndo maongezi yenyewe yalipo. Kuku na tambi za nyumbani, viazi vya kuponda, mayai yaliyolowekwa kwenye siki ya bitiruti mpaka yakawa ya zambarau, halafu pai ya molasi tamu mpaka meno yanalia. Kula. Kukataa chakula ni kubaya kule kama Kigoma.

Kimya kitakuwepo pia katikati ya maongezi, mnaweza kukaa dakika tatu mnamenya maharage hamna aliyesema kitu. Usikijaze. Mwanangu mmoja hawezi, lazima aulize swali.

Nguo: vaa sketi au gauni la kushuka na mikono, basi. Kitenge vaa, hamna anayetegemea uvae kama wao, na ukijaribu kuvaa kama wao itakuwa kama mzungu aliyekuja kwenu msibani amevaa ngozi ya chui. Zawadi peleka mandazi uliyopika asubuhi hiyohiyo, utaona yanavyoondoka, huku Wajerumani wa Pennsylvania wana maandazi yao ya kukaanga kabla ya Kwaresima kwahiyo ulimi unayafahamu. Kitenge cha zawadi hawezi kuvaa, ila huyu ni mtu wa rangi, kwahiyo mpelekee khanga moja aione. Mwonyeshe maneno pale chini, mwambie yanasemaje. Nilishafanya hivi na mama mmoja akanyanyuka akaenda kabatini akaniletea taulo la bibi yake, lile refu la kutundika mlangoni, limedariziwa herufi za jina na ndege wawili wanatazamana, tukayalaza pamoja mezani, nguo inayosema na nguo inayosema. Au kama unapata kijipicha cha Tingatinga cha ndege au twiga, kile cha rangi ya mafuta kwenye kibao, peleka hicho, wanyama hawana kesi, na mweleze kwamba yule mzee Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za baiskeli, atacheka maana na wao wanachora kwenye misumeno.

Simu iache kwenye gari. Sisemi izime uiweke mfukoni, hapana, gari. Ramani chora kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Sababu mojawapo ni kwamba ukiwa nayo utaitoa, sote tunajuana. Kumpiga picha mtu aliyebatizwa huku anakutazama ni kumpa mtihani mbele ya watoto wake, akikataa anaona aibu kukunyima mgeni, akikubali ana la kujibu kanisani. Kumwibia picha akiwa hajui ndo mbaya zaidi. Kama yeye mwenyewe baada ya miezi atasema sawa chukua picha ya mchoro ule, chukua mchoro peke yake, angalia mkono wake usiwemo, na ukipost usiweke jina wala barabara. Mi ningekwambia usipost kabisa lakini najua naongea na nani.

Akikuonyesha anapochorea, pengine ni meza tu karibu na dirisha la kaskazini, maana umeme wa gridi hawana, kuna taa za gesi au za betri ila rangi ya kweli unaiona mchana. Hapo sasa chunga ulimi. Usimwambie "wewe ni msanii mkubwa, ungekuwa New York ungekuwa milionea". Atatazama chini na maongezi yataisha. Sifia kazi kwa kuiuliza. Hii bluu ya theluji umeipataje, kwanini kamba ya nguo umeivuta mpaka nje ya karatasi, hili banda ni la nani. Kiganja kwenye kazi, sio kwenye mgongo wake. Utaona anavyofunguka, mi nimewahi kusimama lisaa na mtu tunaongelea kivuli cha ndoo.

Vitu vingine usivitie mdomoni siku ya kwanza wala ya pili. Ndugu zake waliotoka kanisani, kila familia inao na inauma. Vijana na ujana wao kabla ya ubatizo. Na shule ya Nickel Mines, pale walipouawa mabinti watano Oktoba 2006, jengo lilishabomolewa ila mahali penyewe ni dakika chache kutoka kwenye njia utakayopita na watu wengi bado wanaoana na kuzikana na zile familia. Habari za kuokoka usianzishe, wao hawahubirii wageni na hawapendi kuhubiriwa, japo we ukiulizwa ulivyotoka Kongo na ulivyoishi kambini, eleza. Wana kitabu kinene cha watu wao waliochomwa moto na kuzamishwa mtoni Ulaya kwa ajili ya imani, wamekua nacho sebuleni, kukimbia kwao wanakujua. Mama mmoja niliyemwendesha siku moja aliniuliza swali moja tu kuhusu wakimbizi, walipokimbia walibeba nini.

Kununua unaweza, na ni vizuri, ila isiwe siku hiyo umekuja kama mgeni, subiri sokoni. Usipunguze bei kama uko Kariakoo, bei akitaja ndo hiyo, lipa keshi. Jumapili usiguse habari ya kuuza. Ukitaka kazi zao kwa bei ya kawaida nenda minada ya matope, mwezi wa pili mpaka wa nne, ya vikosi vya zimamoto vya vijijini, jina linatokana na matope kweli maana theluji ndo inayeyuka, pale utakuta kwilti, farasi, mabenchi, na zimamoto ndo wanapata hela ya gari. Vaa viatu vya mvua.

Sasa mama.

Ukimwomba sura unamweka kwenye njia panda. Atakuonea huruma, najua, ni mama na yeye, na ukimpa ile simu mkononi akaiangalia picha ile anaweza kusema ntajaribu. Halafu akae wiki nne na karatasi isiyoweza kwenda popote. Kwahiyo usimwombe, na sio kwamba huwezi kupata kitu cha mama kutoka kwenye mkono wake. Kipo, na ndo kitu wanachokijua kuliko wote.

Wajerumani wenzao wa makanisa mengine, Walutheri na Wareformati, waliohamia Pennsylvania enzi hizo walikuwa na vyeti vya ubatizo vya watoto vilivyopambwa kwa ndege na maua na herufi za Kijerumani zenye mikia, wanaziita frakturi. Waamishi hawabatizi watoto, wanasubiri mtu akue aamue, kwahiyo cheti hicho hawakuwa nacho. Wao wakapamba kumbukumbu za familia, ukurasa mmoja, baba, mama, wamezaliwa lini, wameoana lini, watoto mmoja mmoja, nani katangulia na lini. Mpaka leo ukiingia nyumba zao ukutani hamna picha ya mtu lakini huo utakuta, na hamna anayeuita majivuno maana una kazi, watoto wajue walitoka kwa nani.

Muombe huo. Sio siku ya Alhamisi, Alhamisi we simulia tu. Akiuliza habari za mama mwambie jinsi alivyokuwa, alipanda nini, alivaa khanga gani, nyumba ilikuwaje. Ukishaenda mara mbili tatu, mwandikie barua, barua ya karatasi na stempu, sio sokoni mbele za watu, uulize kama angependa kukuandikia kumbukumbu ya familia yako, na useme mwenyewe kwamba hutaki sura ya mtu. Hilo sentensi moja litamtua mzigo kabla hajaubeba. Akitaka kuweka mti wa maembe uliomsimulia au maua ya ile khanga pembeni, atakuwa kakuwekea mama hapo kwa namna yake, we ndo utamwona na wageni wataona maembe. Akikataa pia kubali, sema asante, nenda Ijumaa ukanunue achari kama kawaida.

Na ile picha ya kwenye simu, leo hii, kabla hujalala, itume sehemu tatu na uichapishe dukani, hiyo haina uhusiano na Muamishi yeyote. Ukiileta kwangu naiwekea fremu, hela ya mbao tu.

Kitu cha mwisho ni herufi. Majina yetu hawayajui, kwahiyo mwandikie kila jina kwa herufi kubwa zilizoachana, na weka alama nyekundu kwenye vile vitu ambavyo macho yao yanaruka. Kaka mmoja wa Mwanza aliagiza ukurasa kama huo, bibi yake aliitwa Ng'washi, na mama wa watu akadhani kile kikoma cha juu ni tone la wino limedondoka, akakiacha. Kazi ya mwezi mzima, ndege wanne, mahindi pembeni, na katikati kwa wino usiofutika, Ngwashi. Alirudia yote upya, hela ya pili akakataa. Ile ya kwanza ninayo karakanani, jamaa aliniachia, na kila mteja akiiona anataka kuinunua.